Uji wa Watoto Mia Nne

Muuguzi alimpima mtoto mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Alimtoa kwenye mfuko wa mizani, akaurudisha mshale kwenye sifuri, akamning'iniza tena. Mtoto alining'inia kimya, miguu imelegea, akimkazia muuguzi macho ya mtu anayedai maelezo. Kwa ajili ya macho hayo baba yake alimwita Shangazi tangu alipokuwa na wiki tatu, na sasa, akiwa na miezi kumi na mmoja, nyumbani hakuna aliyemwita vingine.

"Kilo sita na gramu mia nane," muuguzi alisema. "Mwezi uliopita ilikuwa ngapi?"

"Saba kamili," mama yake alijibu.

"Na mwezi wa kabla yake, saba na mia moja. Kwa hiyo huyu anarudi tumboni."

Wanawake waliokaa kwenye benchi walicheka. Mama wa mtoto alicheka nao kidogo, maana kutocheka kungeonekana kiburi. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha mashati, mstari wa kola, na asubuhi hiyo alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili tu.

"Anakula nini?"

"Uji. Asubuhi, mchana na jioni. Kikombe kizima."

"Anamaliza?"

"Anamaliza. Bibi yake ndiye anayekaa naye. Jioni nakuta kikombe kitupu."

"Anaharisha? Anatapika? Homa?"

"Hapana."

"Minyoo?"

"Alipewa dawa mwezi uliopita, hapa hapa."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mkali; alikuwa mtu mwenye watoto arobaini wa kupima kabla ya saa sita. "Mama, sikiliza. Mtoto anayemaliza vikombe vitatu vya uji kwa siku hapungui gramu mia mbili kwa mwezi. Ama hali, ama hapewi. Lipi kati ya hayo?"

Wanawake wote kwenye benchi walisogea mbele kusubiri jibu. Mshonaji alisema hajui. Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa baya kuliko yote ambayo angeweza kutoa.

"Uji wake uwe mzito," muuguzi alisema huku akiandika kwa kalamu nyekundu. "Ukiinamisha kijiko, usimwagike. Tia kijiko cha mafuta, tia karanga zilizosagwa, yai ukilipata. Wiki mbili. Asipoongezeka namwandikia kulazwa, na wewe utalala naye wodini. Anayefuata!"

Kulazwa kulikuwa na maana moja. Kila asubuhi wanawake wasiopungua ishirini walisimama nje ya lango la kiwanda wakisubiri kuitwa kujaza nafasi. Mshonaji aliyekosekana siku tatu alikuta mtu mwingine amekalia kiti chake, amekwisha kurekebisha urefu wa kiti hicho, na chupa yake ya maji ameitundika pembeni mwa cherehani. Yeye mwenyewe aliipata kazi hivyo hivyo.

*

"Wanasemaje hao?" mama mkwe aliuliza jioni, kabla Mshonaji hajavua viatu.

"Amepungua."

"Nani? Huyu?" Mama mkwe alimwinua mtoto, akamzungusha hewani kama mtu anayekagua nazi sokoni. "Mizani yao mbovu."

Alikuwa amepika katika shule ya bweni kwa miaka thelathini na moja, na mtaa mzima ulimwita Mpishi, ingawa alikuwa amestaafu. Mikono yake ilikuwa na mishipa kama ya mpiga makasia. Alikuja kukaa nao miezi mitano nyuma, mtoto alipofikisha miezi sita na Mshonaji akaitwa arudi kazini. Mwanawe, fundi rangi, alifanya kazi siku alizoitwa na kukaa nyumbani siku ambazo hakuitwa, na siku za kukaa zilikuwa nyingi kuliko za kuitwa. Kumlipa mtu amlee mtoto kungekula nusu ya mshahara wa kola. Bila Mpishi, Mshonaji asingekuwa na kazi, na nyumba hiyo ya vyumba viwili isingekuwa na mpangaji aitwaye Fundi. Jambo hilo wote watatu walilijua na hakuna aliyelisema.

"Wanasema uji uwe mzito," Mshonaji alisema.

"Mzito kama nini? Kama udongo wa kukandika ukuta? Mtoto ana meno mawili, yote ya chini."

"Muuguzi ndiye aliyesema, Mama."

"Huyo muuguzi ana watoto wangapi?"

"Sijui."

"Hukumuuliza. Ungemuuliza. Mimi nimelisha watoto mia nne kwa siku, mkwe wangu. Mia nne. Hakuna hata mmoja aliyetoka jikoni kwangu kikombe kikiwa kitupu." Aliinua kikombe cha Shangazi, cha plastiki ya kijani, chenye mfuniko na mdomo wa kunyonyea, akakigeuza juu chini kuonyesha. Halikudondoka hata tone. "Ameumaliza wote. Haya, niambie kosa langu."

Mshonaji alikipokea kikombe, akachungulia ndani. Alikuwa akitoka kabla ya jua na kurudi mtoto amekwisha kula. Jumapili alifua na kupiga pasi, na jikoni hakuingia, kwa sababu tangu siku ya kwanza Mpishi alikuwa ameeleza kwamba sufuria iliyo motoni ina mwenyewe, na mtu mwingine haifunui. Shuleni ndivyo ilivyokuwa, hata mwalimu mkuu alibisha hodi.

Walipoingia chumbani, Mshonaji alimwambia mumewe aongee na mama yake.

"Niongee nini? Nimwambie mama yangu hajui kupika uji?" Fundi alikuwa akijikwangua rangi nyeupe kwenye vifundo vya vidole. "Mimi mwenyewe nimekua kwa uji wake. Hebu niangalie."

"Nimekuangalia," Mshonaji alisema.

Fundi alijitazama mikono, ambayo ilikuwa myembamba kama mpini wa brashi, akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka, lakini hakuenda kuongea na mtu.

*

Siku tatu baadaye umeme ulikatika kiwandani saa nne asubuhi. Kufikia saa sita haukuwa umerudi, na msimamizi alipita kwenye mistari akiwaambia waende nyumbani.

"Saa hizi hazilipwi, tusije tukalaumiana," alisema. Alipofika kwenye kola alisimama. "Wewe furahi. Nenda kamwone mgonjwa wako. Maana mtoto wako ana kliniki nyingi kuliko mkurugenzi ana vikao."

"Asante, bosi," alisema Mshonaji.

Alimkuta Shangazi amekaa sakafuni juu ya shuka lililokunjwa, kikombe cha kijani mkononi. Mlango ulikuwa wazi, na Mpishi alionekana bombani, hatua kumi na tano mbali, akikinga maji na kumtupia mtoto jicho. Shangazi alimpa mama yake kikombe, kama mtu anayempa karani barua. Mshonaji alifungua mfuniko ili amwongezee.

Aliutazama uji uliobaki. Akachukua kijiko, akachota, akakiinamisha. Ulimwagika wote mara moja na kukiacha kijiko karibu kikavu. Ulikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Akaifunua sufuria, kwa mara ya kwanza katika miezi mitano: ilikuwa hivyo hivyo, na chini kabisa paliweza kuonekana mkwaruzo wa mwiko kwenye bati.

Kisha akafungua kopo la unga. Alikuwa amenunua kilo mbili siku kumi na mbili zilizopita. Alihesabu kama alivyohesabu kola kwenye fungu: vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku. Kopo lilipaswa kuwa limebaki theluthi. Lilikuwa karibu limejaa.

Wazo lake la kwanza lilikuwa baya na hakulifukuza. Wazo la pili lilikuwa la kipumbavu, kwamba labda mumewe alinunua unga mwingine. Alikuwa bado ameshika mfuniko wa kopo Mpishi alipoingia na ndoo.

"Umerudi mapema. Wamekufukuza?"

"Umeme umekatika. Mama, unga unaweka kiasi gani?"

"Wa kutosha."

"Nionyeshe."

Mpishi aliitua ndoo taratibu, maji yasimwagike. Alimtazama mkwewe, akaitazama sufuria iliyofunuliwa, na uso wake ukabadilika. Lakini hakugomba. Alinawa mkono, akaukausha kwenye gauni, akauingiza kwenye kopo na kuutoa. Kwenye kiganja kulikuwa na unga usiozidi yai moja.

"Huo," alisema.

"Wa kikombe kimoja?"

"Wa siku."

Shangazi aligonga sakafu kwa kijiko. Wote wawili walimtazama.

"Mama," Mshonaji alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko alivyotaka, "huyu anakunywa maji. Mtoto anakunywa maji vikombe vitatu, anashiba, analala. Mimi naambiwa mbele za watu kwamba simlishi."

"Usinipigie kelele."

"Sijapiga kelele."

"Basi piga, kuliko kuniangalia hivyo." Mpishi alikaa kwenye kigoda. "Shuleni walinipa magunia mawili kwa wiki. Wakiwa watoto mia tatu, magunia mawili. Wakiwa mia nne, magunia mawili. Nikienda stoo naambiwa, mama, hiyo ndiyo bajeti. Sasa ufanye nini? Umnyime nani? Unaongeza maji. Kila kikombe kinajaa. Mtoto akiona kikombe kimejaa anatulia, anakwenda darasani. Mkono umeshazoea. Hauulizi."

"Shangazi yuko peke yake. Hana wenzake mia nne, Mama. Na unga upo. Nilinunua ili uliwe."

"Uliwe?" Mpishi aliinua kichwa. "Wiki yangu ya kwanza hapa niliupika mzito. Nakuapia kwa huyu mtoto. Nilisema, sasa nimefika kwa mwanangu, hakuna stoo, hakuna bajeti. Ukarudi kutoka kazini Ijumaa, ukafungua kopo hilo hilo, ukasema, 'He! Unga wote huu umekwenda wapi?' Ulisema umenipa mgongo, ili nisikie na usiwe umeniambia."

"Mimi?"

"Wewe. Na mwanangu siku hizo alikuwa na wiki ya tatu hajaitwa kazini. Nikajua maneno hayo yana mwenyewe. Nikajisemea, haya, hapa pia ni stoo."

Mshonaji alijaribu kukumbuka. Alipekua Ijumaa zote za mwezi ule na hakuiona hiyo. Lakini hakuwa na shaka kwamba aliyasema, kwa sababu hayo ndiyo maneno ambayo angeyasema jioni yoyote ya Ijumaa yoyote, mbele ya kopo lolote, na kuyasahau kabla ya kufunga mfuniko.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza mwishowe.

"Nikuambie nini? Mimi naishi kwako."

Mshonaji alichukua kijiko, akapima unga vijiko kumi na viwili, akavimimina kwenye sufuria ya Mpishi. Mpishi alisogea kumpisha. Kisha akasema, "Ukikoroga hivyo utafanya mabonge," akamnyang'anya mwiko.

*

Mtoto aliukataa.

Ndilo jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, hata muuguzi hakulitaja. Kwa miezi mitano Shangazi alikuwa amejifunza kunywa, na alikuwa mnywaji hodari. Kitu cha kukaa mdomoni na kusukumwa kwa ulimi hakukijua. Kijiko cha kwanza alikitazama, akakipokea, akakiweka shavuni kama mzee na tumbaku yake, na baada ya dakika nzima akakiachia kidevuni. Cha pili alikitapika. Cha tatu alifunga mdomo na kugeuza shingo, na shingo hiyo ilikuwa na nguvu kuliko mwili wote uliobaki.

Mshonaji alimlisha alfajiri, akiwa amevaa nguo za kazi na kitambaa begani, na alikwenda kiwandani na madoa ambayo msimamizi aliyaona. "Ukitia doa kwenye kola nyeupe, shati hilo umelinunua," alimwambia. Fundi alilisha siku alizokosa kazi, akiwa amevaa ovaroli lake la rangi. "Kuta nimepaka laini, kuta nimepaka mbovu," alisema, akijifuta uji sikioni, "lakini ukuta unaotema sijawahi kuupata." Mpishi alilisha saa zilizobaki, na hakutania.

Walijaribu kutia sukari, wakajaribu kuacha sukari. Fundi aliimba. Walimpa kijiko akishike mwenyewe, akakitupa nyuma ya kabati, nao wakasogeza kabati. Siku ya nne Mshonaji alimbana pua kidogo ili afungue mdomo, kama alivyoshauriwa na mwenzake wa kiwandani. Mtoto alipaliwa, akawa wa zambarau, akapigwa mgongoni mpaka akalia. Hakurudia. Asubuhi hiyo kiwandani kola zake sita zilirudishwa.

Siku ya sita Shangazi alikuwa amekula, kwa hesabu ya wote watatu, vijiko kumi na kimoja tangu asubuhi. Ilikuwa jioni, jua lilikuwa halijazama. Alilia kilio kimoja kirefu kisicho na machozi, kilio cha njaa, na kila kijiko kilipokaribia alikipiga kofi. Jirani alisimama mlangoni akauliza kama kuna mtu anampiga mtoto.

"Tunamlisha," Mpishi alisema.

"Mnamlisha nini jamani, misumari?"

Jirani alipoondoka, Fundi alisema, bila kumtazama mtu, "Mpeni tu ule mwepesi. Anywe, alale. Kesho tutaanza upya."

Mshonaji alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumba. Tangu alfajiri alikuwa ameshona kola mia mbili na arobaini. Bado siku sita zilibaki kabla ya kliniki, na mtoto, kila alipombeba, alimwona mwepesi kuliko siku ile ya kupimwa. Alijua vizuri kabisa kijiko cha uji mwepesi kina nini ndani yake. "Mpe, Mama," alisema. "Mpe tu."

Birika la maji ya moto lilikuwa karibu na mguu wa Mpishi. Kazi ya sekunde moja. Mshonaji alisubiri kusikia maji yakimiminwa, na hakuyasikia, akafumbua macho.

"Simpi," Mpishi alisema.

"Mama, mtoto analia."

"Nasikia. Ana kilio kizuri, hajachoka bado. Nyinyi ndio mmechoka." Alilisukuma birika mbali kwa mguu. "Maji nimeshaweka ya kutosha. Tokeni nje wote wawili. Mnamzunguka kama polisi."

Walitoka. Walikaa kwenye ngazi ya mlangoni, bega kwa bega. Ndani kilio kiliendelea, kikapungua, kikapanda, kikakatika. Mshonaji aliinuka nusu. Fundi alimvuta mkono. Kupitia upenyo wa mlango Mshonaji aliona: Mpishi alikuwa ameketi sakafuni, mtoto mbele yake na bakuli katikati, na hakuwa anamlisha. Alikuwa anakula. Alichovya kidole kwenye uji, akakilamba, akatazama pembeni kama mtu asiye na habari na yeyote. Akachovya tena. Shangazi alimwangalia kwa hasira kuu, ile hasira ya kuona mtu anakula chakula chako. Alinyoosha mkono mzima, akautumbukiza kwenye bakuli mpaka kwenye kiwiko, akauingiza mdomoni.

Zaidi ya nusu ilikwenda kwenye nywele na shuka. Nyingine ilimezwa.

*

Kliniki alikwenda Mshonaji pamoja na Mpishi, aliyevaa gauni lake la kwendea ofisi ya pensheni. Ruhusa ya Mshonaji safari hii ilikuwa ya saa moja na nusu, na msimamizi aliitoa mbele ya mstari mzima, akisema ni ya mwisho kwa mwaka huu.

Muuguzi alikuwa yule yule. Alimning'iniza mtoto, akasoma, akaandika. Mshonaji hakuona namba, maana mgongo wa muuguzi ulimziba.

"Saba na hamsini," muuguzi alisema.

"Saba na nini?" Mpishi aliuliza.

"Kilo saba na gramu hamsini, bibi. Ameongezeka mia mbili na hamsini. Halazwi." Alimtoa mtoto kwenye mfuko. "Mmefanya nini?"

"Unga," Mpishi alisema.

Muuguzi alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Kwa hiyo kabla ya hapo alikuwa hapewi unga. Nani alikuwa anampikia?"

Benchi lilikuwa limejaa kama safari ile, na wote walisogea mbele vile vile.

"Mimi," Mshonaji alisema.

"Muongo huyu," Mpishi alisema. "Yeye yuko kazini kutwa. Ni mimi."

Muuguzi aliwatazama kwa zamu. Kwenye kadi hapakuwa na mahali pa kuandika jambo hilo. "Rudini mwezi ujao," alisema. "Anayefuata!"

Nje Mshonaji alifungua kadi. Nukta mpya ilikuwa juu ya ile ya mwisho, ndiyo. Lakini ilikuwa bado chini ya ile ya miezi miwili iliyopita. Kazi yote ya siku kumi na moja, ya mikono sita, haikuwa imemrudisha alipokuwa amekwisha kufika. Aliikunja kadi bila kumwonyesha Mpishi. Zilibaki dakika ishirini na tano, na kutembea mpaka kiwandani ni ishirini.

"Nenda," Mpishi alisema, akikaa kwenye ukingo wa mtaro na kumpakata mtoto. "Huyu saa yake imefika, nitamlishia hapa hapa."

"Unacho chakula?"

"Ninacho."

Mpishi alitoa bakuli kwenye mkoba. Kabla ya kuchukua kijiko, bila kuombwa, alifungua mfuniko na kuliinua bakuli juu, upande wa Mshonaji, ili aone uzito wa uji.

"Hakuna haja, Mama," Mshonaji alitaka kusema. Aliangalia kwanza. Kisha ndipo akasema.